Mzee wa Tangi na Mkwewe

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba wawili mliojibanza nyuma karibu na mlango, nimewaona. Mchungaji amenipa dakika kumi, na mnajua kwangu dakika kumi ni salamu tu. Basi nina mfano mmoja.

Kulikuwa na mzee mmoja, kazi yake kulinda tangi kiwandani. Kiwanda chenyewe kilisaga udongo mwekundu, kikaupika na magadi makali yanayobabua ngozi, mpaka ukawa uji. Sufuria ya alumini unayopikia wali imeanzia kwenye uji wa namna hiyo. Sasa, ndani ya uji ule cha thamani kimeyeyuka kwenye maji, uchafu umekataa kuyeyuka. Utavitenganishaje? Unaumimina kwenye tangi pana kuliko kanisa hili, unatia dawa kidogo, unauacha utulie. Tope linashikana, linazama. Maji yanabaki juu, safi kama chai ya rangi, yanafurika polepole kwenye mfereji kwenda kutoa unga mweupe wa alumini. Kule chini reki kubwa ya chuma inazunguka bila kupumzika, inakokota tope hadi katikati, pampu inalivuta, linakwenda kutupwa.

Mzee alikuwa na kazi mbili. Achote maji ya juu kwa glasi, ayatazame. Halafu ateremshe kamba yenye chuma mwishoni, apime tope limejaa mpaka wapi. Ile ya kwanza mabosi wanaiona. Ile ya pili unainama, mvuke unakuwasha macho, na hakuna wa kukupigia makofi. Semeni kweli, nyie mngeipenda ipi?

Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu, na alitaka atoke na jina lake zima. Akagundua kwamba ukizidisha dawa, tope linazama upesi na maji yanang'aa. Akazidisha. Mabosi wakipita wanainua glasi kwenye mwanga, wanasema, "Mzee huyu hana mfano." Kamba akaitundika msumarini. Kwenye daftari akaandika kipimo cha jana, na kesho yake akaandika kile kile.

Humo humo kiwandani alifanya kazi mume wa binti yake, kijana mpole, yuko kwenye kundi la wasafisha matangi. Siku moja akipita chini akasikia reki inakoroma. Akapanda ngazi, akasimama mbali kidogo kama mkwe anavyosimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Huku juu umefuata nini, mke kakufukuza?"

"Hapana, baba. Nimesikia reki inakoroma. Nikasema niulize, tope liko wapi leo?"

Mzee akamwinulia glasi. "Unaliona humu?"

"Silioni, baba."

"Basi. Reki inataka grisi. Ukifikisha miaka yangu ya kazi, njoo unifundishe."

Wenzake waliokuwa pale juu wakacheka. Kijana akaitazama ile kamba msumarini, vumbi limeikalia. Aliiona vizuri. Lakini niambieni, mkwe atamwambia mkwewe "unadanganya" mbele za watu? Wengine hapa wakwe zenu hawathubutu hata kula mbele yenu, na mnalipenda sana hilo. Akasema, "Nisamehe, baba," akashuka.

Siku ya nne reki ikakwama. Tope lilikuwa limekaza kule chini kama ukoko wa ugali. Maji yakatolewa, ukabaki mlima mwekundu usioweza kupita kwenye bomba lolote. Lazima watu waingie na makoleo. Nani aingie? Mzee? Mzee ni mtu wa juu. Wakaingia wasafishaji watano.

Mzee alikuwa amesimama ukingoni alipoona ufa unafunguka kwenye ule mlima wa tope. Akaita kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Wanne waliwahi ngazi. Mkwewe hakuwahi.

Msibani, binti yake alikuja kukaa naye mkekani. Machozi yalikuwa yamekwisha. Akamwambia, "Baba, jioni ile aliniambia kuhusu kamba. Nikamwambia aende ofisini akaseme. Akanijibu hawezi kumwaibisha baba yangu. Baba, ulikuwa unapima?"

Mzee akainama. Mnajua alimjibu nini mjane yule?

"Mwanangu, maji yalikuwa safi."

Na sisi? Keshokutwa ni Meza ya Bwana. Nawajua, tutashikana mikono hapa mbele. "Yameisha, dada." "Yameisha, mama." Tumetia dawa, limezama, nyuso zinang'aa, mchungaji anafurahi. Kuzama si kutoka, jamani. Na tope la nyumbani halichimbwi na aliyelishindilia. Wanaingia watoto. Wanaingia wakwe, wale wapole wanaotuheshimu mpaka wanashindwa kutuuliza swali moja.

Mnanisema nabeba habari za watu, na ni kweli, nabeba. Leo nabeba yangu. Tulipomzika mama yetu, nilimtamkia dada yangu neno la kuumiza kuhusu kitanda alichofia mama. Tukapatanishwa palepale, tukakumbatiana, wanawake wakapiga vigelegele. Miaka kumi na mmoja nikawa namsalimu dada yangu vizuri sana, na kwake sikukanyaga. Akaugua. Binti yake akamuuguza peke yake miezi saba, anamgeuza peke yake, anamwogesha peke yake. Akinipigia simu anasema, "Shikamoo mama mdogo, huku hatujambo." Hakuniambia hata siku moja kwamba amechoka. Aliogopa kuniumbua. Nami sikumuuliza. Dada tulimzika mwezi wa tatu, na yule mtoto mgongo wake mpaka leo haunyooki.

Nikishuka hapa naenda kwake. Sijui kama atanifungulia. Na wewe yupo ambaye hujafika kwake, na jina lake limekujia sasa hivi nikiwa naongea. Nenda. Usingoje mpaka akuite, maana huyo wa kwako pia ana heshima sana, hatakuita.