Fundi Tak na Shuka la Bibi Harusi

Asiyeshona havunji sindano. Mmeisikia leo kiwanjani, pale kocha alipomnyamazisha yule aliyekuwa akimcheka mwenzake kwa kukosa penalti, mkadhani ameitunga papo hapo. Si maneno yake, wanangu. Yalitoka Korogwe, barazani kwa mpakizi wa marobota ya mkonge, na yalitoka kwa sababu hii.

Mtu huyo aliitwa Mgaza. Kazi yake ilikuwa kupakia mkonge kwenye mabehewa ya treni. Alikuwa na mabega mapana, na viganja vyake vilikuwa vimekomaa kwa kamba hata ukimshika mkono ungedhani umeshika gome la mti. Mkewe, Bi Mwanahawa, alikuwa fundi wa kutarizi kwa cherehani. Siku hizo bibi harusi wa Korogwe hakuhesabiwa kuwa ameolewa vizuri kama hakuingia chumbani na shuka la Bi Mwanahawa: waridi kubwa katikati, majani yamelizunguka, na ndege wawili upande wa mto wanatazamana.

Kisha macho ya Bi Mwanahawa yakaanza kufifia. Alianza kwa kukosea rangi, akaja kukosa tundu la sindano, na mwisho akawa anamjua mumewe kwa mshindo wa nyayo zake tu. Hospitali walimwambia nuru hiyo hairudi. Aliporudi nyumbani aliifunika cherehani kwa kanga, akaweka juu yake kikapu cha vitunguu, na tangu hapo ikawa meza. Asubuhi hakuamka mpaka aamshwe. Akiulizwa atakula nini, alijibu chochote.

Mgaza alilivumilia hilo kwa muda. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hakujua la kumwambia. Lakini siku moja alikuja Mama Shangwe, ambaye binti yake alikuwa ameposwa na harusi ilikuwa imepangwa baada ya mfungo wa Ramadhani. Bi Mwanahawa alikuwa ameshamchorea shuka maua yote kwa kalamu ya risasi kabla nuru ya macho haijamtoka, bado kushona tu. Mama Shangwe alikuja kwa adabu, akatoa pole, kisha akaomba arudishiwe kitambaa chake akatafute fundi Tanga. Bi Mwanahawa akamwambia mumewe alikunje shuka ampe mwenyewe.

Mgaza alilichukua shuka, akalitazama lile waridi la kalamu, halafu akalirudisha mahali pake.

"Halitoki," alisema. "Litashonwa hapa hapa."

Mama Shangwe akauliza litashonwa na nani.

"Na mimi."

Jibu hilo lilimshangaza hata yeye mwenyewe aliyelitoa. Maishani mwake hakuwa ameshona hata kifungo. Lakini lilikuwa limeshatoka, na Mgaza hakuwa mtu wa kumeza alichotema. Mama Shangwe alimpa muda hadi mfungo ukaribie, akaondoka akitikisa kichwa.

Bi Mwanahawa alikasirika. Alimwambia hataki huruma, na kwamba cherehani si robota la mkonge. Mgaza akaondoa kikapu cha vitunguu, akakunja kanga, akavuta kiti.

"Sikuhurumii," alimjibu. "Wewe una ujuzi, mimi nina macho. Watu wameanza maisha kwa kidogo kuliko hicho. Haya, nianzie wapi?"

 Mkewe akasema, kwa sauti ya mtu anayeudhiwa, aanze kwa kukifungua kiguu kinachokandamiza nguo.

Hivyo ndivyo darasa lilivyoanza. Alimfundisha kuondoa kiguu, na kuyashusha yale meno ya chini yanayosukuma nguo, kwa kuwa katika kutarizi cherehani haiongozi nguo. Nguo huongozwa na mikono. Alimfundisha kukibana kitambaa katikati ya pete mbili za mbao hadi kikaze kama ngozi ya ngoma. Hakumpa shuka. Alimpa mifuko mitupu ya unga, akamwambia achore kwa uzi mstari, kisha duara, kisha jani. Usiku kabla ya kulala alimpaka mafuta ya nazi viganjani, maana viganja vile vilinasa uzi na kuufumua kabla haujafika kwenye sindano.

Bi Mwanahawa hakuona kilichofanyika, ila alisikia. Kitambaa kikilegea alijua, kwa kuwa mlio wake ulikufa. Uzi ukijikunja chini alijua, kwa kuwa mashine ilikohoa. Miguu, alimwambia, iende mwendo mmoja kama ya mtu aendaye shambani asubuhi, na mikono isiwe na papara. Lakini mikono ya Mgaza ilikuwa imezoea kuvuta. Sindano ilipokuwa bado imezama ndani ya nguo, yeye alikuwa ameshaivuta pete, na hapo sindano ilikatika: tak! Akiweka nyingine, inakwenda vizuri hadi kwenye kona ya jani, kisha tak! Vipande aliviweka ndani ya kopo la majani ya chai ili visije vikamchoma mtu mguu.

Nyumba yao ilikuwa karibu na mahali wanaume walipokunywa kahawa, na dirisha lilikuwa wazi. Haukupita muda habari ikawa imefika stesheni. Mgaza, mpakizi, anatarizi maua. Wakampa jina la Fundi Tak. Akipita, mmoja alipiga ulimi, "Tak!" na wengine wakaangua kicheko. Walimuuliza kama na yeye atafundwa, na kama atapakwa hina. Wapakizi wenzake waliacha kumpisha kwenye benchi.

Maneno yale yalimuuma, tusidanganyane. Kuna jioni alirudi akakaa mbele ya cherehani bila kuigusa. Mkewe akamuuliza mbona haisikiki. Akamweleza watu wanayosema pale dirishani. Bi Mwanahawa akamwambia kama anaona haya alifunge dirisha.

Mgaza alifikiri. Halafu alisimama, akaibeba cherehani, chuma chake na meza yake, kama alivyokuwa akibeba robota, akaitoa mpaka barazani, mbele ya macho ya kila mtu. Akaweka na kiti cha mkewe pembeni.

"Mlikuwa mnaumia shingo kuchungulia," aliwaambia wanywa kahawa. "Sasa kaeni msikilize vizuri."

Kuanzia siku hiyo alijifunzia barazani. Alivunja sindano mbele yao, akaweka nyingine mbele yao. Wengine walichoka kucheka, wengine hawakuchoka. Lakini Bi Mwanahawa alianza kuamka kabla ya mumewe, akajifunga kanga safi, akawa anauliza kama kuna uzi wa kijani. Majani ya Mgaza yakaanza kufanana na majani. Alipoanza kushona shuka lenyewe, mkewe alipitisha vidole juu ya jani la kwanza, nyuma na mbele, akasema lisifumuliwe. Kwa Bi Mwanahawa, hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Sasa Bi Mwanahawa alikuwa na kaka yake, Sadala, mwenye duka huko Mombo. Cherehani ile ilikuwa ya marehemu mama yao, na Sadala alipopata habari kwamba shemeji yake anaiharibu hadharani na kuitia familia yao aibu, hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe, akakodi mkokoteni stesheni, akafika nao mpaka mlangoni. Ilikuwa saa ya kahawa, kwa hiyo baraza lilikuwa na watu.

Alisalimia, akaitikiwa. Akaeleza kwamba amekuja kuchukua mali ya mama yake, kwa kuwa dada yake hawezi tena kuitumia na shemeji yake hajui. Mgaza alikuwa ameketi mbele ya cherehani, waridi lipo nusu. Hakuinuka.

Sadala akaliona lile kopo. Alilifungua, akalipindua juu ya jamvi, vipande vya sindano vikamwagika vikimeta. Watu wakacheka.

"Hii ndiyo kazi yenu?" alisema Sadala. "Mama angefufuka leo angelia. Huyu ni fundi, au ni mvunja sindano?"

Bi Mwanahawa aliinuka kwenye kiti chake. Alipapasa ukuta hadi alipofika kwenye jamvi, akachutama, akavikusanya vile vipande taratibu, kimoja kimoja, mpaka vikamjaa kiganjani. Kisha aliugeuza uso wake kule sauti ya kaka yake ilikotokea.

"Kaka, maisha yako yote, wewe umevunja sindano ngapi?"

"Mimi?" Sadala alishangaa. "Sijavunja hata moja."

"Najua," alisema Bi Mwanahawa. "Asiyeshona havunji sindano."

  Bi Mwanahawa akaendelea kwa sauti ile ile ya chini. Alisema mama yao alipojifunza cherehani hii alivunja sindano mpaka baba yao akatishia kuitupa mtoni, na kwamba yeye mwenyewe alivunja nyingi kuliko mama. Alisema mkono wake haujaacha kazi. Umehamia kwa mumewe. Anayeitaka cherehani na aje aketi hapa, ashone jani moja, hata baya, kisha aibebe aende nayo.

Mgaza akasimama, akakiacha kiti wazi. Alimtazama shemeji yake, kisha akawatazama wanywa kahawa, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyekiendea kiti kile.

Basi akaketi tena. Akaishika pete, miguu ikaanza kwenda, na waridi likaanza kujaa wekundu toka ukingoni kuelekea kati. Watu wakasogea. Alipofika mahali ambapo petali hupinda, sindano ikakatika. Tak! Ilisikika kote barazani, na safari hii hakucheka mtu. Mgaza alikitoa kipande, akamwekea mkewe kiganjani pamoja na vingine, akafunga sindano mpya, akaendelea pale pale alipoachia.

Sadala alikunywa kahawa kikombe kimoja, akaaga. Mkokoteni ulirudi stesheni mtupu.

Shuka lilikwisha kabla ya mfungo. Mama Shangwe alilitandaza, akalikagua kutoka pembe hadi pembe, akasema ni zuri lakini ndege mmoja ameinama kuliko mwenzake. Bi Mwanahawa akamjibu amwache ainame, maana hata kwa kuinama naye kafika. Mama Shangwe akacheka, akalikunja. Binti yake aliolewa nalo, na wageni walipouliza nani ameshona, alijibu bila kuficha kwamba ni Fundi Tak.

Jina hilo Mgaza hakulikataa. Baadaye alikuwa akiitwa mpaka Lushoto na Muheza, na akawa na wanafunzi wake mwenyewe, wanaume kwa wanawake, barazani pale pale. Hata siku zile za ufundi wake, mara moja moja mlio ule ulisikika. Na kila mwanafunzi mpya alipovunja sindano ya kwanza, akatahayari na kutazama huku na huku nani amemwona, Bi Mwanahawa alinyoosha kiganja akiwa kitini pake, apewe kipande. Kwake hicho kilikuwa ushahidi kwamba mtu ameanza kazi.

Watu wakayachukua maneno yake. Wakamwambia mkulima aliyepanda mbegu zisiote, wakamwambia kijana aliyesimama kuhutubia akasahau maneno, wakawaambia na wale waliokaa pembeni wakiwa na mikono mizima, safi, wakicheka. Nanyi kesho mkijaribu jambo likawakatikia mbele za watu, na akatokea wa kuwacheka, msijifiche wala msifunge dirisha. Mwulizeni yeye amevunja ngapi. Asiyeshona havunji sindano.