Sultani Aliyetaka Kuelea kwa Kibaba cha Chumvi

Palikuwa na sultani aliyeogopa maji. Jina lake Mshamu, na kitambi chake kilimtangulia barazani kwa hatua nzima. Uani kwake palikuwa na birika la kuogelea alilolichimba babu yake, pana, na kina chake kinamzidi mtu kimo. Mawaziri wakipiga mbizi humo, wakicheka. Yeye hukaa ukingoni, anachovya dole gumba la mguu, roho inamuuma. Kuogelea hajui, na kwa desturi ya nchi ile ilikuwa marufuku kumgusa sultani mwilini. Akizama, ndiyo kazama na heshima zake.

Sasa, nje ya mji palikuwa na chemchemi ya maji ya chumvi, na wanawake hamsini walioishi kwa kuyapika maji yale. Mama zao walipika pale, na bibi zao pia. Kiongozi wao alikuwa Bi Kazija, mjane mwembamba, mwenye ulimi wa pilipili kichaa. Na kazi yao ina kanuni, wenzangu. Maji ya chemchemi ni mepesi. Ukiyapika hivyo hivyo utamaliza kuni za kijiji upate chumvi ya kujaza kijiko. Kwa hiyo huyachanganya kwanza na udongo wa chumvi, huyachuja, kisha hutia yai. Yai likizama, maji bado, ongeza udongo. Likielea, washa moto.

Mtu mmoja mwenye domo, Mungu amsamehe, akaipeleka habari ya yai kwa sultani. Weee! Bi Kazija aliitwa siku ile ile, mikono bado ina masizi.

"Ni kweli yai linaelea kwenye maji yako?"

"Kweli, Maulana."

"Na mtu je?"

"Na mtu, atake asitake."

"Basi lifanye birika langu hivyo. Nataka nielee mimi, mawaziri watazame."

"Hilo jepesi. Kila mitungi kumi ya maji, nipe mtungi mmoja wa chumvi."

"Birika lina mitungi elfu mbili!"

"Basi nipe mia mbili ya chumvi."

Lahaula! Nilisahau kuwaambia kwamba sultani alikuwa bahili. Ghala lake limejaa chumvi mpaka darini, lakini punje ikidondoka mezani anaiokota kwa ulimi. Akaagiza kibaba kimoja, akakisawazisha juu kwa kidole isije ikazidi.

"Hiki hapa."

"Kibaba, Maulana? Kwa birika lile?"

"Chumvi ni chumvi. Itakuwamo au haitakuwamo?"

"Itakuwamo. Na mpishi wako akitia punje moja kwenye chungu cha mchuzi, itakuwamo pia. Utaula?"

"Usinifundishe mchuzi! Kesho kutwa naingia birikani mbele ya watu. Nikizama, chemchemi ni yangu, na nyinyi mtafute pa kwenda."

"Ukielea?"

"Ni yenu, na ya wajukuu zenu."

"Na usipoingia?"

"Mimi? Nisiingie? Nisipoingia ni yenu vile vile! Kadhi, andika!"

Kadhi akaandika. Bi Kazija akabeba kibaba chake akaondoka, na huko chemchemini wenzake wakalia siku mbili, maana hawakujua kulima wala kusuka, wanajua chumvi tu.

Siku ikafika. Ua umejaa mpaka watu wamepanda ukutani. Sultani akatoka na kikoi kipya, kitambi mbele.

"Kibaba changu umekitia?"

"Chote, Maulana."

"Mbona sikioni?"

"Kimeyeyuka."

"Sema kimepotea! Umekiiba!"

"Chumvi haipotei majini, imechanganyika tu. Tuchemshe birika zima mpaka likauke, utaikuta chini, kibaba kamili. Una kuni za kutosha?"

Watu wakaangua kicheko. Sultani akachovya kidole, akaonja, akatema. Chumvi hakuisikia hata kidogo. Akarudi nyuma hatua moja, jamani, maana kina cha birika alikiona vizuri.

"Maneno basi! Tia yai!"

Bi Kazija akachota bakuli la maji ya birika, akatia yai. Tubwi! Likaenda chini, likatulia. Wanawake wa chumvi wakapiga ukelele.

Sultani akaruka kwa furaha. "Limezama! Basi na mimi ni kama nimezama, sina haja ya kulowa. Chemchemi ni yangu!"

"Taratibu, Maulana. Tangu lini kadhi akahukumu kwa shahidi mmoja?"

Kadhi akatikisa kichwa. Kweli, haijapata kutokea.

Bi Kazija akatoa yai la pili, akalitia katika bakuli lile lile. Likaelea, tena linazungukazunguka kwa madaha. Ua mzima ukashangaa.

"Umeongeza kitu!" sultani akafoka.

"Mikono yangu hii, kagua. Maji ni yale yale ya birika lako, na kibaba ni kile kile."

Sultani akatazama yai, akatazama birika. Tamaa ikampanda upya. Mawaziri hao wanatazama! Akakaza kikoi, akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza.

"Kumbe maji yangu yanaelesha! Nilisema mimi, chumvi ni chumvi. Haya, nipisheni hapo." Halafu akasita kidogo. "Lakini lile la kwanza, kwa nini lilizama?"

"Lile zima, Maulana. Limetagwa leo alfajiri."

"Na hili linaloelea?"

"Hili viza. Bovu huelea hata bila chumvi."

Mguu wa sultani ukabaki pale pale kwenye ngazi.

Bi Kazija akainama kwa adabu, akamwonyesha maji kwa mikono miwili. "Ingia, bwana wangu, tunakungoja. Ukizama, chemchemi ni yako, tutakuzika kando yake. Usipoingia, kadhi ameandika. Ukielea, tumekujua."