Pumziko la Mtu Mmoja

Sikilizeni kisa hiki, kisha mnisaidie, maana mimi kimenishinda.

Enzi za wafalme wa Inka, juu katika milima ya Andesi, palikuwa na kijiji kilichochoka. Kila mwaka watu wake walipelekwa kujenga barabara za mfalme, wakarudi migongo imepinda. Walichobaki nacho ni malisho ya lama, wanyama wao wa mizigo na sufu. Ushahidi kwamba malisho ni yao ulikuwa lama wekundu waliochorwa na mababu kwenye genge.

Mwaka mmoja genge likamomonyoka, na picha zikaenda nalo. Mjumbe wa mfalme, mkaguzi wa mipaka, angefika baada ya siku sita. Wanakijiji wakaazimia kuzichora upya kwenye mwamba uliobaki, na watatu wakajitolea.

Wa kwanza, Waman, alizijua njia zote. Alivuka theluji kufuata udongo mwekundu wa rangi, akarudi siku ya nne, vidole viwili vya mguu vimekufa kwa baridi.

Mama Chaska alijua kuchanganya rangi. Udongo usiotiwa mafuta huoshwa na mvua, na mwaka ule mifugo ilikuwa mifupa mitupu, isipokuwa lama wake mmoja aliyekuwa akimbebea kuni. Akamchinja kwa mkono wake. Tangu hapo kuni alibeba mwenyewe.

Mchoraji alikuwa Illa. Aliteremshwa kwa kamba, akachora siku mbili akining'inia. Bega la kulia likateguka. Akamalizia kwa mkono wa kushoto.

Mjumbe alipofika aligusa mwamba, akanusa kidole. Akaitazama kamba iliyokuwa bado inaning'inia, akasema anaona rangi ni mbichi, ila watu wanaojitesa hivi kwa ajili ya nyasi, nyasi ni zao. Kisha akauliza ni nani walioifanya kazi hiyo. Akaambiwa habari za wote watatu.

“Naweza kumwondoa mtu mmoja katika kazi ya barabara, maisha yake yote,” alisema. “Mmoja tu. Nitajieni jina.”

Illa alisema apewe Waman, kwa ajili ya mguu wake. Waman akasema apewe Mama Chaska, aliyebaki bila mnyama. Watu wakamtazama mama huyo, wakidhani naye atamtaja mwingine.

“Wanangu,” alisema taratibu, “mkinipa, nitapokea. Nimechoka.”

Waman akainamisha kichwa. Illa akalishika bega lake. Hakuna aliyemlaumu, maana hata wao walikuwa wamechoka.

Mjumbe bado anasubiri jina. Nanyi mnaonisikiliza, mngemtajia lipi?