Ubani wa Mize

Hapo zamani, si zamani ya mbali, maana mashine ya kusukuma maji ilikwisha fika Namkongo, aliishi mama aitwaye Mize. Kwa kufukiza mtungi hakuwa na mpinzani. Maji yake yalinukia ubani hata mgeni akaomba kata ya pili bila kiu.

Mwaka mmoja maji ya kisima yakaharibika. Huyu akasema yananuka kutu, yule akasema yai viza. Mize akaongeza ubani. Binti yake Hadia, mwenye mimba ya miezi saba, akasema anaonja mafuta. Mama mtu akacheka, akasema mimba ina vituko vyake, akaongeza ubani tena.

Akatumwa bwana Chilumba, mpimaji wa maji, akafikia kwa Mize. Mize aliona si adabu kumpeleka mgeni kwenye tope la kisimani, akamjazia chupa yake kutoka mtungini. Chilumba akaona haya kukataa. Akapima kutu, haikuzidi. Akapima ile gesi ya yai viza, haikuwepo. Akanusa, akasikia ubani. Akaandika kwamba maji ni safi.

Mwezi uliofuata Hadia alijifungua mtoto asiyelia. Mganga wa zahanati akayatilia shaka maji. Chilumba akarudi, akachota kisimani kwa mkono wake, akatikisa chupa, akanusa. Dizeli. Walipofukua kando ya mashine wakakuta tangi la mafuta limetoboka upande wa chini.

Mshangama, mwendesha mashine, akainamisha kichwa. "Niliona unyevu kwenye tangi, nikafunga tambara. Niliogopa mashine ikizimwa mtarudi kuchota mtoni kwenye mamba. Lakini sikumwambia mtu kwamba maji ni safi."

"Niliyesema ni mimi," akajibu Chilumba. "Nilisema juu ya maji niliyopewa. Sikuuliza yametoka wapi, na kuuliza ndiyo kazi yangu."

Mize alikuwa akilia tangu asubuhi. Angetoa mitungi yake yote ipasuliwe, lakini ingemsaidia nani sasa?

"Mwanangu aliniambia," akasema. "Aliniambia kwa kinywa chake, nami nikamjibu kwa ubani."

Kwa mila ya Namkongo, mwenye kosa kubwa ndiye hutangulia kuomba radhi, wengine humfuata nyuma. Hadia yumo ndani, mlango ameurudishia. Watatu hao wamesimama nje, kila mmoja anatazama miguu yake.

Haya, ninyi mlionisikiliza: nani apige hodi?