Filimbi Mkononi mwa Papa Hilaire

Wazee waliotuachia methali ya kitanda na kunguni hawakuwahi kuona filimbi wala kadi ya njano, lakini walitujua sisi. Walijua kwamba binadamu ni mwepesi wa kumhukumu mwenzake aliye kazini huku yeye mwenyewe ameketi, tena ameketi pazuri. Ndipo wakasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, yaani taabu ya jambo huijua yule anayelifanya, si yule anayelitazama. Maana hiyo kila mwanafunzi anaijua. Papa Hilaire naye aliijua, na alikuwa hodari wa kuwakumbusha wengine. Kuijua methali si kazi. Kazi ni kulala kwenye hicho kitanda.

Hilaire Bisimwa alikuwa mtu wa Bukavu, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, na kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee katika nyumba moja ya kuwatunzia huko Laeken, mjini Brussels. Kwa wazee wake alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini. Aliwavika soksi, aliwakata kucha, alisikiliza kisa kilekile mara kumi bila kupiga miayo. Lakini jamani, umtajie mpira! Hapo utulivu wote ulimwagika.

Binti yake Jémima alicheza mbele katika timu ya wasichana ya chuo cha uuguzi. Kilikuwa chuo kidogo, kidogo hata jezi zilifuliwa na wachezaji wenyewe kwa zamu. Michezo ya ligi yao ilitazamwa na watu arobaini au hamsini, wengi wao wazazi wenye miavuli. Hata hivyo, katika saluni ya Maman Mathilde pale Matonge, michezo hiyo ilijadiliwa wiki nzima utadhani ni Kombe la Dunia. Wanawake walisukwa, na waume zao waliokuja kuwangoja walikaa karibu na mlango wakichambua mabao, waamuzi na makocha. Mchambuzi mkuu alikuwa Hilaire.

Jumamosi moja ya mwezi Machi aliingia saluni akiwa amefura. Siku hiyo chuo cha uuguzi kilikuwa kimetoka sare tasa na chuo cha ualimu katika mkondo wa kwanza wa nusu fainali. Jémima alikuwa amefunga bao, na mwamuzi, Kadiri, akalikataa kwa kusema ameotea.

"Simamisha hapo!" aliamuru Hilaire, ingawa simu ilikuwa mkononi mwake mwenyewe. "Bon, muangalie muzuri. Muguu ya Jémima ni hii. Muguu ya ule beki ni hii. Hors-jeu iko wapi?"

"Haiko," alisema Bienfait, fundi bomba ambaye siku zote alikubaliana na mwenye simu.

"Donc Kadiri ni kipofu?" aliuliza Mathilde bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akisuka.

"Kipofu? Kadiri anaona kuliko wewe! Binti yake Tasnim anasoma wapi? Si kule kwa balimu? Damu ni nzito kuliko maji, maman."

Kadiri hakuwa mtu wa kutupiwa neno kama hilo. Alikuwa Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura, Mwislamu mcha Mungu, muuza viatu karibu na stesheni ya Midi, na Jumamosi alivaa nguo nyeusi akachezesha ligi ya vyuo kwa kuupenda mpira tu. Zaidi ya hayo, alikuwa rafiki wa Hilaire wa kufa na kuzikana. Walipokuja Ubelgiji walipanga pamoja vyumba viwili katika nyumba kuukuu ya Saint-Gilles. Hilaire alipopewa zamu za alfajiri, Kadiri ndiye aliyembeba Jémima mgongoni hadi shule ya chekechea, kwenye theluji, huku akimwimbia.

"Papa Hilaire, ile ni neno kubwa," Mathilde alisema polepole.

"Kubwa ni jambo alilofanya yeye."

Hakuishia hapo. Aliituma video katika kundi la wazazi na maneno yaleyale ya damu na maji. Kisha akamwendea Rolande, kocha wa timu. Karatasi ya mchezo ina nafasi ya malalamiko, na timu hupewa siku tatu kuijaza. Rolande alisita. Alikuwa mama mwenye haya, na katika miaka minne ya ukocha hakuwahi kumshtaki mwamuzi hata mmoja.

"Papa, arbitre alikuwa peke yake. Hana hata muntu wa bendera."

"Ukinyamaza batatuzoea, coach. Andika. Mimi ni shahidi na video niko nayo."

Rolande akaandika. Kamati ya ligi ikamsimamisha Kadiri mpaka shauri lisikilizwe, na shauri likapangwa Jumatano baada ya mkondo wa pili. Likithibitika kwamba alipendelea, jina lake lingefutwa katika orodha ya waamuzi, na sababu ingeandikwa waziwazi. Mtu aliyekimbia nchi yake bila kitu hubaki na jina tu, na jina la Kadiri sasa lilikuwa mezani kwa watu wengine.

Kadiri alipiga simu mara moja tu.

"Hilaire, ni wewe?"

"Ni mimi. Utajitetea kwa comité."

"Sawa, ndugu yangu. Iko siku Mungu atakupa filimbi."

Hilaire alilipeleka hilo saluni likawa kichekesho. "Anipe hata kesho!" alisema, na Bienfait akacheka hadi machozi. Mdomo huponza kichwa, lakini nani humkumbusha mtu anapochekesha?

Jumamosi ya mkondo wa pili mvua nyembamba ya Brussels ilikuwa ikinyunya juu ya uwanja wa Laeken. Saa nane kamili timu zilikuwa tayari, mipira tayari, mwamuzi hakuna. Waamuzi wa ligi ile walikuwa wachache kuliko viwanja, na aliyekuwa amepangiwa mchezo huo tangu mwanzo wa msimu alikuwa Kadiri. Sheria ya ligi ndogo ni hii: mwamuzi asipokuja, makocha wawili humchagua mtazamaji mmoja, wakatia saini, mchezo ukaendelea. Wasipokubaliana ndani ya robo saa, timu ya nyumbani hupoteza. Timu ya nyumbani ilikuwa ya Jémima.

Rolande alipendekeza watu watatu. Mmoja goti lilikuwa bovu, wa pili hakujua sheria, wa tatu alikimbilia chooni na hakurudi. Ndipo Hervé, kocha wa chuo cha ualimu, mwanamume mrefu asiye na maneno mengi, akanyoosha kidole kuelekea kwenye mwavuli wa kijani.

"Mimi nachagua ule papa."

"Ule?" Rolande alishangaa. "Binti yake ni namba tisa wangu!"

"Najua. Najua pia kwamba tangu mwaka jana anasema anaona kila kitu. Kama anaona, ataona. Nitatia saini."

Watu wote wakamgeukia Hilaire. Bienfait alimsukuma kwa mgongo huku akipiga makofi. Hilaire alitafuta udhuru, akaona dakika mbili zimebaki, akaona macho ya binti yake yakimsihi. Akavua koti. Mtu akamvisha fulana ya manjano iliyombana tumboni, na filimbi ikawekwa mkononi mwake.

Dakika ya tano tayari alikuwa anahema. Dakika ya kumi alitambua jambo ambalo video haikuwahi kumwambia: uwanjani huoni miguu, unaona migongo. Wasichana walipita mbele yake kama mlango unaofunguliwa na kufungwa, na mpira ulikuwa daima upande wa pili wa mtu. Alipuliza, upande mmoja ukapiga kelele. Hakupuliza, upande wa pili ukapiga kelele. "Papa wa mutoto!" walimzomea wazazi wa chuo cha ualimu kila alipoipa timu ya binti yake mpira wa kurusha. Neno hilo lilimchoma, na kila lilipomchoma lilimbakia mwilini. Hata katika mapumziko hakunywa maji, alikaa tu akiitazama filimbi.

Dakika ya themanini na moja bado ilikuwa sare tasa. Jémima akapokea mpira, akamtoka beki mmoja, akaingia ndani ya eneo la hatari. Beki wa pili akateleza mbele yake. Jémima akaanguka. Wakati huohuo mchezaji mwingine alikatiza kati yao na macho ya Hilaire, na kwa kitambo cha kufumba na kufumbua aliona jezi nyekundu tupu.

Je, beki alicheza mpira au mguu? Watu hamsini walipiga kelele kama elfu tano. Hervé peke yake alisimama kimya, mikono nyuma, akimtazama. Hilaire aliinua filimbi hadi mdomoni. Kisha akasikia tena ndani ya kichwa chake, papa wa mutoto, papa wa mutoto, na mkono ukashuka. Akaashiria mchezo uendelee.

Chuo cha ualimu kiliuchukua mpira uleule, kikakimbia nao, kikafunga. Dakika tisa baadaye fainali ilikuwa yao.

Bienfait hakungoja hata wachezaji watoke. "Simamisha hapo!" alisema akiinua simu juu, na safari hii video ilikuwa yake. Ilionyesha mguu wa beki ukiugonga mguu wa Jémima, mpira ukiwa mbali kabisa. Ilikuwa penalti, wala si ya kubishania. "Eh, Papa Hilaire! Kocha wa kule alikuahidi nini?" Watu wakacheka, wengine wakacheka kwa hasira. Rolande alisaini karatasi ya mchezo na kuiacha nafasi ya malalamiko ikiwa tupu. Hervé alimjia Hilaire, akampa mkono, akasema, "Asante kwa kukubali," basi.

Ndani ya tramu baba na binti walikaa bega kwa bega. Karibu na kituo chao Jémima akasema, "Papa, nilipigwa. Na ulikuwa karibu."

"Sikuona, mama. Kweli ya Mungu, muntu alipita mbele yangu."

Jémima akamtazama kwa mara ya kwanza tangu uwanjani. "Kama vile kwa Tonton Kadiri?"

Aibu ilimpanda Hilaire kutoka miguuni. Aliteremka, akamwambia binti yake atangulie nyumbani, na yeye akavuka barabara kungoja tramu ya kurudi mjini.

Alimkuta Kadiri dukani, akipanga viatu vya watoto. Kadiri alimwona, akaona na fulana ya manjano chini ya koti, akaelewa yote. Alivuta kigoda kwa mguu.

"Kaa. Nimesikia."

"Nimekukosea, Kadiri." Hilaire akaketi. "Na si kwamba sikuona tu. Nitakuambia jambo ambalo siwezi kumwambia Jémima. Kama angekuwa mutoto wa muntu mwingine, ningepuliza. Niliogopa kusemwa."

Kadiri aliketi juu ya sanduku. Aligeuzageuza kiatu kimoja mkononi.

"Basi na mimi nikuambie. Siku ile Jémima alipofunga, sikuwa na hakika. Ningeweza kusema ndiyo, ningeweza kusema hapana. Nikamtazama, nikaona yule mtoto niliyembeba mgongoni kwenye theluji. Moyo wangu ulifurahi, Hilaire, ulifurahi mno. Nikasema, watu wakijua furaha hii watasema nampendelea binti wa rafiki yangu. Nikainua mkono. Wewe ukasema ni kwa ajili ya Tasnim."

Hilaire alifunika uso kwa viganja akalia waziwazi, mzee mzima, kati ya viatu vya watoto. Kadiri alimwacha alie, kisha akaenda kuchemsha chai.

Jumatano Hilaire alisimama mbele ya kamati pamoja na Rolande, aliyekuja kuyafuta malalamiko yake. Mwenyekiti alimwuliza video yake inaonyesha nini. "Inaonyesha kitu ambacho yeye hakuweza kuona," alijibu. "Na mimi ndiye niliyemchafulia jina. Muandike hivyo." Usiku huohuo aliyaandika maneno hayo katika kundi la wazazi, mahali palepale alipokuwa amemtukana. Kadiri alirudishiwa filimbi, na fainali ya ligi akaichezesha yeye.

Jumamosi iliyofuata baada ya fainali, saluni ya Mathilde ilijaa kama kawaida. Bienfait, ambaye hakuwa amejifunza lolote, alikuwa katikati ya watu na simu yake, akionyesha mpira wa kona ambao Kadiri aliukataa. "Angalieni bien! Simamisha hapo! Papa Hilaire, wewe munajimu wetu, sema! Hapa Kadiri hakuona?"

Wote walimgeukia. Mathilde aliacha kusuka, nywele zikiwa zimening'inia vidoleni. Hilaire aliinuka kutoka kiti chake cha karibu na mlango, akaja, akaitazama picha iliyosimama.

"Usiisimamishe," alisema taratibu. "Iache itembee. Kule uwanjani hakuna muntu anakusimamishia."

Bienfait akaiachia. Picha ikatembea, wasichana wakapita kama upepo, mpira ukapotea nyuma ya migongo, na watu wote waliokuwa pale hawakuweza kusema ulimgusa nani mwisho. Walicheza video hiyo mara tatu bila kuisimamisha, kisha mmoja mmoja wakarudi vitini kwao. Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.