Hakuna Aliyevitaka Vita

Sogeeni wajukuu zangu, umbea huu ni wa kale lakini haujachacha.

Watu wa kijiji kimoja walipigana na Zimwi, wakitaka kisima chake. Mwanamvua peke yake alisema, "Jamani, maji tunayo, tutaumia bure." Wakamzomea. Vita vikaisha, kisima hawakukipata, na Shomari, mwana wa Mwanamvua, akageuzwa jiwe.

Zimwi likamwambia Mwanamvua, "Mtu mmoja wa kwenu aliguse jiwe hili mbele ya wote, aseme, 'Mimi nilivitaka vita.' Mwanao atarudi."

Mwanamvua akafurahi. Mmoja tu? Si walivitaka kijiji kizima!

Akaenda kwa mpiga ngoma wa vita. "Mimi? Nilikuwa nanyoosha mikono tu."

Akaenda kwa jirani yake aliyepiga vigelegele. "Shoga, vile vilikuwa vya harusi!"

Akaenda kwa jumbe. "Binti yangu, nilipinga toka siku ya kwanza. Muulize yeyote."

Akawauliza. Wote walipinga! Sasa vita vile walipigana nani, kuku?

Mwanamvua akachoka. Watu wakiwa wamejaa, akaweka mkono juu ya jiwe. "Haya. Mimi nilivitaka vita."

Jiwe likapata joto. Shomari akapiga chafya, akasimama, akamkumbatia mama yake.

Jirani akawa wa kwanza kupaza sauti: "Mmemsikia? Si nilisema mimi, kumbe ni huyu!"

Mpaka leo ukipita pale wanakuonyesha nyumba yake: "Hapo ndipo anapokaa aliyetuletea vita."

Kisa kimekwisha. Niacheni nisonye.