Pimbi na Sarafu za Fedha

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na masoko yao na mfalme wao, sarafu zilikuwa za fedha tupu, nyeupe pe! Kila moja ilikuwa na uso wa Mfalme Simba.

Mjini alikaa Pimbi, sonara, mdogo wa mwili lakini mwepesi wa akili. Mwaka mmoja watu wa ng'ambo ya mto wakashikwa na wazimu wa bangili za fedha. Pimbi akaipima sarafu kiganjani.

"Aa! Hii hapa inanunua pishi moja ya unga. Nikiiyeyusha nikafua bangili, ng'ambo napata pishi mbili!"

Akaenda kwa Kifaru na Nyati. "Mabwana wakubwa, nipeni sarafu zenu. Kwa kila moja nawapa pishi moja na nusu."

"Kwa! kwa! kwa!" akacheka Kifaru. "Nyati, umewahi kuona mjinga kama huyu?"

"Chukua zote!" akasema Nyati. "Chukua kabla akili haijakurudia!"

Mji mzima ukampelekea. Hata Digidigi, mjane msusi wa mikeka, akampa akiba yake. Kwa Pimbi mvukuto ukawa fuu! fuu! mchana kutwa, na nyuso za mfalme zikayeyuka.

Haukupita muda, sarafu zikaadimika sokoni. Mwenye mayai alitaka chumvi, mwenye chumvi hakutaka mayai. Watu wakarudi nyumbani na vikapu vilevile walivyokuja navyo.

Ndipo Mashavu, binti wa Digidigi, akashikwa na homa. Mganga alikuwa ng'ambo. Digidigi akambeba mgongoni, mkeka kwapani, mbio hadi kwa Kiboko mvushaji.

"Kaka, nivushe. Huu mkeka."

"Mama, nyumba yangu imejaa mikeka, na wanangu hawali mikeka. Niletee sarafu."

Digidigi akakimbilia kwa Pimbi, anahema. "Kaka Pimbi, nirudishie moja. Moja tu!"

Pimbi akapekua masanduku, akapekua mpaka majivu ya tanuri. Hakuna. "Dada, zote nimeziyeyusha. Chukua bangili hii, thamani yake ni sarafu mbili."

Kule mtoni, Kiboko akaigeuzageuza bangili. "Juzi nililipwa bangili, kumbe bati. Sarafu ya mfalme ningeijua hata gizani. Hii siijui. Ngoja nikaulize."

Akaenda kuuliza. Akarudi mbio, akipiga kelele, "Ni fedha kweli! Panda, mama, panda!" Digidigi hakuinuka. Alikuwa amekaa mchangani, mtoto amemlaza mapajani, anampepea. Mashavu alikuwa ameshakata roho.

Kiboko akaketi kando yake, akalia kama mtoto.

Baada ya maziko, Simba akawaita wote barazani. "Sarafu zangu ziko wapi?"

"Nimeziyeyusha mimi," akasema Pimbi. "Sikuiba, Mfalme. Kila mtu nilimlipa zaidi."

"Kosa ni langu pia," akasema Simba. " Niliwapa sarafu ambayo ikifa ina thamani zaidi kuliko ikiwa hai."

Akaamuru zifuliwe sarafu mpya, za chuma na shaba.

"Ah! Hii ni sarafu au kifungo cha koti?" akaguna Nyati.

"Ndiyo maana," akajibu Simba. "Nani atahangaika kuiyeyusha? Itabaki ikizunguka mikononi mwenu."

Na kweli, soko likachangamka tena, ti! ti! ti! sarafu zikigongana. Pimbi akazifunga bangili zake zote katika kitambaa, akampelekea Digidigi.

"Dada, zipokee. Zote ni zako."

Digidigi aliendelea kusuka. "Ondoka nazo, kaka. Mimi nilikuomba sarafu moja."

Pimbi akarudi kwake, na tangu siku ile hakuna aliyeusikia tena mvukuto wake.

Wanangu, ujanja unaokausha mikono ya jirani ni hasara, hata kama hukuiba.